Mwanangu halali bila kanga ya dada aliyeondoka

Anti, shikamoo.

Nina mtoto mmoja wa kiume, miaka miwili na miezi minne. Tunaishi Tabata Segerea, kazi yangu iko Posta. Natoka nyumbani alfajiri kabla hajaamka, na kwa foleni ya Buguruni ilivyo, siku nyingi nikirudi namkuta keshaoga na keshakula, anasinzia.

Siku zangu 84 za likizo ya uzazi zilipoisha tulimpata dada wa kazi kutoka Singida. Ndiye aliyemlea. Alikuwa binti mtaratibu, mtoto alimpenda na mimi nilimpenda. Akifua au akipika alikuwa anambeba mgongoni kwa kanga moja nyekundu, ya zamani, imeshapauka. Mtoto akazoea kushika kona ya ile kanga na kuipikicha kwa vidole mpaka usingizi umchukue.

Mwezi uliopita kaka yake alipiga simu kwamba mama yao anaumwa. Dada akaondoka na basi la kwanza la alfajiri. Tuliona bora asimuage mtoto, tusije tukaamsha kilio. Hajarudi, na kwa simu anasema hatarudi karibuni. Ile kanga aliisahau, ikabaki inaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Mtoto ndiye aliyeiona. Tangu hapo, Anti, hawaachani.

Anaiita "anga". Anaiburuza uani, anaiburuza sebuleni, akila iko mapajani. Kulala ndiyo kabisa: anatafuta kona, anaipikicha, anaisogeza puani, kidole gumba mdomoni, basi, macho yanafumba. Isipoonekana hatulali. Majuzi niliifua kwa sabuni ya kunukia nikamalizia na ile dawa ya kulainisha nguo, maana ilikuwa inanuka maziwa na jasho. Nilipompa akainusa, akaitupa chini, akalia mpaka jirani akaja kugonga kuuliza kuna nini. Nikamnunulia dubu la manyoya Kariakoo, zuri, la bei. Analikalia akiangalia katuni.

Mume wangu hapendi. Anasema mtoto wa kiume hatembei na kanga, atakuwa legelege. Dei kea tuliyomwanzisha baada ya dada kuondoka nayo imekataa, eti wenzake wataigombania na inafagia mpaka chooni. Mama mkwe aliposimuliwa akasema yeye kalea watoto saba na hakuna aliyeng'ang'ania tambara. Huyo binti atakuwa kaacha kitu kwenye hiyo kanga, tuichome. Anakuja kutoka Morogoro wiki ijayo, na kasema tusipoichoma ataichoma yeye.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni lingine, na naona aibu kulisema. Nikirudi usiku nikimbeba, anatulia kidogo, halafu anateremka kwenda kutafuta kanga ya mtu mwingine. Kabati langu limejaa doti za kanga, nimemjaribishia, hataki hata moja. Mlango ukigongwa anasema "Dada". Naona wivu, Anti, na kitambaa. Nimnyang'anye taratibu, nimnyang'anye kwa mara moja, au mama mkwe yuko sahihi? Na je, mwanangu ana tatizo?

Mama Kijana, Tabata

*

Marahaba, mama Kijana.

Usiichome. Nimelitanguliza hilo kwa sababu bibi yake anakuja wiki ijayo, na nisingependa umalize kusoma majibu yangu kanga ikiwa imeshakuwa majivu. Usiifiche juu ya kabati pia, wala usimwambie kuwa paka kaichukua.

Mtoto wako, kwa ulivyonieleza, hana ugonjwa. Mwaka 1951 daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliwasomea wenzake makala kuhusu jambo hilihili: kitambaa, kipande cha blanketi, mdoli, kitu ambacho mtoto anakichagua mwenyewe na kukibandikia moyo wake. Alikiita kitu cha mpito. Aliona kinaanza kujitokeza mtoto akiwa na miezi minne mpaka kumi na miwili. Sasa hesabu na mimi: siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Wewe umerudi Posta, yeye akapanda mgongoni kwa dada, na miezi iliyofuata ndiyo hasa miezi ambayo mtoto anaanza kujua kwamba yeye ni mtu mmoja na anayembeba ni mtu mwingine, anayeweza kuondoka. Mkononi mwake kulikuwa na nini wakati huo? Kona ya kanga.

Sikulaumu kwa kurudi kazini. Sheria ndiyo iliyotoa siku hizo, na kodi ya nyumba haisubiri mtoto aote meno. Nakuonyesha tu kwamba kanga hiyo haikuanza mwezi uliopita. Ilikuwepo muda wote. Mwezi uliopita kilichotoka ni mgongo uliokuwa ndani yake.

Na hapo ndipo barua yako iliponishika. Umeandika mistari mingi kuhusu kanga na miwili mitatu tu kuhusu jinsi dada alivyoondoka, wakati kwa mtoto hilo la pili ndilo kubwa. Alilala akiwa na mtu aliyemwogesha, kumlisha na kumbeba tangu akiwa mchanga, akaamka mtu huyo hayupo, na hakuna aliyemwambia neno. Hapa Dar tunafanya hivi kila siku. Dada anaondoka alfajiri, tunanyata, tunashukuru mtoto hakulia. Kilio kingekuwa cha asubuhi moja. Badala yake mwanao bado anasubiri: mlango ukigongwa anataja jina. Wiki hizohizo akapelekwa dei kea, kwenye nyumba asiyoijua na watu asiowajua. Katika vitu vyote alivyokuwa navyo kwa dada, kimoja tu hakikuondoka, na hicho ndicho mnachotaka kukitia kiberiti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya kanga. Mwambie. Mtoto wa miaka miwili na ushee anaelewa kuliko anavyoweza kusema. Mkalishe, kanga yake akiwa nayo, umwambie kwa maneno mafupi: "Dada amekwenda kwao Singida. Mama yake anaumwa. Dada anakupenda. Leo harudi. Mama yupo, baba yupo." Utarudia maneno hayohayo mara nyingi kuliko unavyodhani, na siku nyingine atalia. Mwache alie ukiwa umemshika. Hicho kilio kilikuwa kinadaiwa tangu mwezi uliopita.

Halafu mpigie dada, ya video kama simu yake inaruhusu. Wengine watakuambia utamtonesha mtoto kidonda. Mimi naona kinachomtesa zaidi ni mtu kuyeyuka. Amwone yuko hai, yuko na mbuzi au kuku wa kwao, amsikie akimwita. Mtoto anaweza kukimbia asiongee kabisa, au akambusu kioo, usishangae kwa lolote. Usimruhusu dada aseme "nakuja kesho" kama haji. (Na kama kuna mshahara wake uliobaki kwenu, mtumie kabla hujamwomba chochote. Nauliza tu, sijui mambo yenu.)

Ukiwa naye kwenye simu muulize kuhusu ile doti. Kanga huuzwa vipande viwili pacha, na huenda pacha wa hicho anacho yeye, keshakijifunga mara mia. Mabasi ya Singida yanabeba vifurushi. Sikuahidi mtoto atakikubali. Mwaka 2008 Bruce Hood na Paul Bloom walichapisha utafiti ambao watoto wadogo walionyeshwa mashine ya kiini macho, wakaaminishwa kwamba inatoa nakala kamili ya kitu chochote kinachowekwa ndani. Midoli ya kawaida walikubali kubadilishana bila shida. Ilipofika kwenye kile kitu cha kulalia, wapo waliogoma kabisa kisiingizwe mashinini, na wengi wa waliokubali walitaka kirudi kile chao chenyewe, si nakala. Ndiyo maana kabati lako zima limeshindwa na dubu limekuwa kigoda. Lakini kipande chenye harufu ya mtu yuleyule kina nafasi nzuri kuliko kanga mpya inayonuka dukani.

Harufu, mama. Winnicott alilitaja hilo pia: kwamba wazazi huachia kitu hicho kichafuke, hata kinuke, kwa kuwa wanajua kukifua ni kukata kitu ambacho mtoto anataka kiendelee. Ulipoipitisha ile kanga kwenye sabuni ya kunukia na dawa ya kulainisha, pale uani ulimfulia dada akaondoka mara ya pili. Hukujua, na kweli haiwezekani kanga inayofagia uani isifuliwe milele. Fua kwa sabuni ya mche, isiyo na manukato, usilainishe na chochote. Mshirikishe: mwambie tunaiogesha anga, mpe kibeseni chake cha maji apige povu. Jua letu na wembamba wa kanga hiyo, akiwa bado anacheza itakuwa imekauka. Kisha kabla hujampa, ifunge wewe. Jifunge kiunoni ukipika, au ilalie usiku mmoja akiwa na kile kipande kingine.

Kwa sababu kuna kipande kingine, au kitakuwepo. Kanga nzima ni kama mita moja na nusu kwa mita moja, na hiyo ni nguo kubwa mno kwa mtoto wa kimo chake. Inamtega miguu. Ukiwa naye kwenye bajaji au bodaboda, ncha ikishuka kwenye gurudumu ni balaa, watu wazima wameumia hivyo. Usiku nao inaweza kujizungusha shingoni. Kwa hiyo ikate, ila kwa akili. Mwangalie kwanza siku moja au mbili ujue anachopikicha hasa ni nini. Wewe umesema kona; wengi wanapenda pale pindo lilipokunjwa mara mbili likawa gumu kidogo. Kanga ina kona nne, na wewe una bahati kwamba anapenda kona, kwa sababu unaweza kupata vipande vinne vya saizi ya taulo dogo, kila kimoja na kona yake. Anza kukata upande wa mbali na kona anayoishika, umbakishie hiyo, na baadaye umpe ajaribu zile nyingine. Peleka kwa fundi cherehani akunje pindo la pale palipokatwa, kwa maana nyuzi zinazochomoka hujifunga kwenye vidole vya mtoto. Kimoja cha kitandani, kimoja cha begi, na viwili akiba, siku kimoja kikibaki kwenye daladala.

Cha begi ndicho cha kwenda nacho dei kea. Mwalimu ana hoja. Kanga nzima pale ni uchafu na ugomvi. Lakini kitambaa cha saizi ya taulo dogo, ndani ya begi lake, kinachotolewa saa ya kulala mchana na dakika zile za kwanza ukimwacha getini, ni jambo la kuzungumzika. Nenda mwenyewe, au aende baba yake, msipeleke ujumbe kwa simu. Mwalimu akielezwa kwamba mtoto kapoteza mlezi mwezi uliopita, mara nyingi anakuwa mtu mwingine kabisa. Akikataa hata hapo, mimi ningeanza kuulizia dei kea nyingine.

Sasa wivu wako. Nimeusoma mara mbili na sikuona cha kuonea aibu.

Kuna jaribio moja la Marekani ambalo mwenyewe silipendi, maana lilifanywa kwa vitoto vya nyani vilivyotengwa na mama zao. Mwaka 1958 Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alieleza alivyoviwekea mama wawili wa bandia: mmoja wa waya, mwingine amefunikwa kitambaa laini. Hata pale ambapo maziwa yalitoka kwa mama wa waya peke yake, vitoto vilikwenda kunyonya, vikishiba vinarudi kukumbatia kitambaa, na huko ndiko vilikoshinda. Wakati ule wataalamu wengi wa huko walikuwa wanaamini mtoto anampenda mama kwa sababu ya chakula. Bibi yeyote wa Morogoro angewaambia vinginevyo bila kutesa nyani. Nakuletea habari hiyo kwa sababu wewe unaleta nyumbani maziwa, kodi, na ada ya dei kea, halafu unaumia kwamba mtoto anakimbilia kitambaa. Anakimbilia alikozoea kubebwa. Hajakupima na dada akakuona pungufu.

Tena umesema ukimbeba anatulia kwanza, ndipo anateremka. Mfuate. Ameitafuta kanga, kaa naye chini palepale alipo, umpakate yeye na kanga yake pamoja. Usishindane nayo. Mbebe mgongoni kwa hiyohiyo kanga kabla hujaikata, uzunguke naye uani kabla hujavua hata nguo za kazini. Bado hajawa mzito kiasi hicho. Na kama mnaweza kuisogeza saa ya kulala kidogo mbele, akupate macho yakiwa bado wazi, fanyeni hivyo, hata kama kitabu cha malezi kinasema mtoto alale mapema. Jumapili mwogeshe wewe, si shangazi wala binti wa jirani. Harufu yako itaingia kwenye kile kitambaa siku kwa siku, na hakuna atakayejua ni lini ilizidi ya dada.

Kuhusu lini ataiacha: Winnicott alisema kitu cha namna hii hakisahauliwi wala hakiombolezwi, kinapungua tu maana yake. Wengi wanaanza kuisahau sebuleni wakishapata marafiki na michezo, inabaki ya kitandani, baadaye ya akiugua tu. Usimpangie tarehe. Kidole gumba nacho usikipake pilipili wala mwarobaini. Wengi huacha wenyewe kati ya miaka miwili na minne, na meno ndiyo yatakayokuhusu kama bado ananyonya yale ya utu uzima yanapoanza kuota.

Nisikufiche yale ambayo yangenifanya nikuambie uende hospitali. Kama mtoto haunganishi hata maneno mawili, haitiki jina lake, hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, hakutazami usoni, au alikuwa na maneno halafu yakapotea, hapo kanga haina hatia na haina msaada. Siku ya kliniki lisemee hilo, usiishie kwenye mizani, wakupe rufaa kwa daktari wa watoto. Huyu wa kwako anamwita dada mlango ukigongwa. Sina wasiwasi naye.

Kwa mumeo, mwulize swali moja mkiwa wawili: yeye akiwa mdogo alilala na nani? Najua jibu la wanaume wengi wa rika lake. Alilala na mama yake mpaka mdogo wake alipozaliwa, au na bibi, kwenye kitanda kimoja na watu watatu. Hakuhitaji kona ya kanga, alikuwa na kanga nzima na mtu ndani yake. Renata Gaddini, daktari wa watoto wa Italia, mwaka 1970 alionyesha kwamba watoto wa kijijini waliokuwa na vitu hivi walikuwa wachache sana ukilinganisha na wa mjini Roma. Hilo pia linajibu wale saba wa mama mkwe wako. Anasema kweli, hakuna aliyeng'ang'ania tambara, kwa kuwa mgongo wake haukwenda Posta. Na ulegelege hauna uhusiano na kanga: mtoto wa kiume anayejua kujituliza mwenyewe analala, na akilala ninyi nanyi mnalala.

Mama mkwe usimbishie habari ya "kitu". Ukianza kubishana kama kipo au hakipo mtamaliza wiki. Mpokee, mpe heshima yake, na mpe kazi: mtoto ana upungufu wa mgongo na yeye mgongo anao. Siku atakazokaa, mjukuu asiende dei kea, abaki na bibi amzoee. Mwombe amwimbie alizowaimbia wale saba. Zile kona mbili za akiba ziweke kwenye mkoba wako wa kazini mpaka atakapoondoka, huo siyo uongo, ni tahadhari. La kuchoma amalizane nalo mumeo. Ni mama yake.

Anti